Je, wajua kwa nini kituo cha umeme wa jua huchoma kuni?

Ukisikia kituo cha umeme wa jua kina tanuri la kuchomea vipande vya miti, utadhani wenyewe wamelikatia jua tamaa. Sivyo.

Hapa tusichanganye na zile paneli za juu ya paa. Hivi ni vioo, tena virefu, vilivyopinda kama mfereji, vinavyogeuka polepole kulifuata jua kutwa nzima. Katikati ya kila mfereji limepita bomba jembamba, na miale yote huangukia humo. Mafuta maalumu yaliyomo ndani hufikia nyuzi joto 390 hivi za Selsiasi. Yanachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini, yaani mtambo wa mapanga kama feni, tabaini inazungusha jenereta. Kuanzia kwenye mvuke, hakuna tofauti kubwa na kituo cha makaa ya mawe.

Na mvuke hauulizwi umechemshwa na nini. Tabaini, jenereta na nyaya za kupeleka umeme vimegharimu fedha nyingi, lakini jua likizama vyote vinalala. Mawingu nayo ni balaa: paneli huambulia chochote katika mwanga uliotawanyika, ila vioo hivi vinataka miale iliyonyooka tu. Basi tanuri la tungamotaka, yaani mabaki ya misitu na mashamba, hupokea zamu, na tabaini ileile inaendelea kuzunguka.

Hivyo ndivyo kinavyofanya kituo cha Les Borges Blanques, huko Catalonia, Uhispania, kilichoanza kazi mwaka 2012. Kina uwezo wa megawati 22.5 mchana wa jua kali. Usiku, kwa moto peke yake, huzalisha pungufu ya hapo.

Kwa nini basi wasichome kuni tu, waachane na vioo? Kwa sababu kuni zina adha zake. Ni mzigo mkubwa wenye nishati kidogo, zinasombwa kwa malori, na zikiwa mbichi sehemu ya joto inaishia kukausha maji yaliyomo. Kila saa ya jua ni kuni zilizobaki ghalani.

Ajabu zaidi ni Brønderslev, kaskazini mwa Denmark, nchi ambayo hakuna anayeisifia jua. Huko nako vioo na matanuri ya vipande vya miti vimeunganishwa, na joto linalobaki baada ya kuzalisha umeme hupelekwa kwa mabomba kupasha nyumba za mji.