Mbunifu "chipukizi" si lazima awe na miaka 25

Tuzo za wabunifu chipukizi wa majengo zikitangazwa tu, hukosi mtu wa kuguna: "Huyu na mvi zake, chipukizi wa wapi?" Anadhani uchipukizi huhesabiwa kwa cheti cha kuzaliwa.

Sivyo. Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani huwapa tuzo ya wasanifu vijana watu wasiozidi miaka 10 tangu wapate leseni, wawe na umri wowote. Architectural League ya New York, jumuiya ya usanifu majengo, nayo katika tuzo yake ya vijana huhesabu miaka 10 tangu mtu amalize chuo.

Fani hii hukomaza watu polepole. Shahada inaweza kula miaka mitano, kisha mafunzo kazini, kisha mitihani. Anayebuni ndani ya ofisi na hoteli naye mara nyingi huanza kwa kupanga soketi, dari na milango ya vyoo, na jina linalokaa kwenye mchoro ni la kampuni. Nani atamtuza mtu kwa soketi? Ila ikikaa nyuma ya kabati, lawama ni zake.

Mtazame msanifu majengo Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi aliyoibuni huko Gando, yenye matofali ya udongo na paa la bati lililoinuliwa ili joto litoke, ilikamilika 2001 yeye akiwa bado mwanafunzi Berlin. Alipopata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, ndiyo kwanza anahitimu, huku akikaribia miaka 40.