Wakala hana kura ya turufu: sahihi ya Fomu 34A na wapiga kura "wa kuletwa"

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp. Safari hii ni mratibu wa chama katika eneo bunge moja, anawaambia mawakala wake: mkiona kura haziendi upande wetu, msitie sahihi 34A, ile fomu ya matokeo ya urais ya kituo, maana bila sahihi yenu matokeo ya kituo hayasimami. Msemaji hubadilika na chama hubadilika. Walio serikalini wanaisema, walio upinzani wanaisema, na kila msimu wa kufunza mawakala naikuta imefika darasani kabla yangu. Wanaoisikia ni vijana wanaokwenda kukesha kituoni kwa posho ndogo wakiamini wamebeba silaha. Hawajabeba. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027, na afadhali tulimalize jambo hili wakati bado watu wanasikilizana.

Kanuni ya 79 ya Kanuni za Uchaguzi (Jumla) za 2012 iko wazi. Wakala akikataa kutia sahihi, au akikosa kuandika sababu za kukataa, hilo peke yake halibatilishi matokeo yaliyotangazwa. Asipokuwepo kabisa wakati wa kutia sahihi, hilo nalo peke yake halibatilishi. Kanuni ya 62 inasema vivyo hivyo kuhusu shughuli ya kupiga kura yenyewe: mawakala wasipotokea, kura inaendelea. Msimamizi wa kituo ataandika kwamba fulani amekataa au hayupo, atatangaza, atabandika nakala kwenye mlango wa kuingilia, atapiga picha ya fomu kwa mtambo wa KIEMS, ule unaotambua wapiga kura na kutuma matokeo, na kuituma, kisha gari litaelekea kituo cha kujumlishia kura. Haya yote yatafanyika wakala akiwa amenuna nje.

Na ingekuwaje kinyume chake? Mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229. Kama sahihi ya wakala ingekuwa sharti la matokeo kusimama, mgombea anayeona ameshindwa angetuma ujumbe mmoja wa simu saa tano usiku, mawakala wake watoke, na nchi ikose rais. Sheria haiwezi kumpa aliyeshindwa uwezo wa kufuta kura za jirani zake kwa kuweka kalamu mfukoni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uongo huu unamnyang'anya wakala nguvu alizo nazo kweli. Anayeamini kwamba kazi yake ni kugoma husubiri mwisho ili agome. Hajaandika namba za lakiri za masanduku asubuhi. Hajui sajili ya kituo ina majina mangapi. Kura zinapohesabiwa anatazama simu. Halafu ikifika saa ya fomu anasimama, anasema "sitii sahihi", anaondoka, na mara nyingi anaondoka bila nakala. Chama chake kikienda mahakamani hakina karatasi yoyote kutoka kituo hicho, kina kijana mmoja tu wa kuapa kwamba alikasirika.

Kukataa kutia sahihi hakumwondolei haki ya nakala. Na kabla hata ya kufika kwenye sahihi, kuna Kanuni ya 80, ambayo sijawahi kuisikia katika rekodi hizi za WhatsApp: mgombea au wakala aliyepo hesabu inapokamilika anaweza kumtaka msimamizi wa kituo akague na kuhesabu upya, mradi isizidi mara mbili. Msimamizi haruhusiwi kuendelea na hatua inayofuata kabla hajawapa mawakala waliopo nafasi ya kutosha ya kutumia haki hiyo. Hii ndiyo nguvu yako. Ni nguvu ya dakika chache, na inaisha ukinyamaza. Karani akisoma kura ya mgombea wako kwa jina la mwingine, simama papo hapo, taka ionyeshwe. Kura yenye utata, pinga, hakikisha pingamizi lako limeandikwa. Ukisubiri hadi fomu ijazwe ndipo uonyeshe hasira, masanduku yameshafungwa.

Sasa hilo neno "peke yake". Mratibu wa chama akisomewa kanuni huliruka kana kwamba halina maana, na msimamizi wa kituo mwenye kiburi hulisoma kana kwamba sahihi ya wakala ni pambo la karatasi. Wote wawili wanakosea. Kukataa hakubatilishi kukiwa peke yake, lakini sababu iliyoandikwa ni ushahidi, na ushahidi huweza kukutana na ushahidi mwingine. Wakala anayeandika "nilitaka kura zihesabiwe upya saa nne usiku, msimamizi akakataa, jumla ya kura za magavana imepita idadi ya waliotambuliwa na mtambo" ameacha kitu ambacho jaji anaweza kukishika. Ataomba kitabu cha kumbukumbu za kituo, atalinganisha na mtambo, ataagiza sanduku lifunguliwe. Anayeandika "uchaguzi si wa haki" amemwachia jaji maoni. Ninapofunza, nataka kila sababu iwe na saa, idadi, na kitendo cha mtu. Ikikosa hivyo vitatu, heri utie sahihi, uchukue nakala yako, upige picha ya ile iliyobandikwa mlangoni.

Watu hunirudishia uamuzi wa Septemba 1, 2017, wakati Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipofuta uchaguzi wa rais. Wanasema: si mawakala walikataa kutia sahihi, na uchaguzi ukaanguka? Hapana. Majaji wanne kati ya sita walioamua walitazama jinsi matokeo yalivyotumwa na kuthibitishwa, fomu zilizokosa alama za usalama, na tume ya uchaguzi iliyoshindwa kutii agizo la kufungua mitambo yake ikaguliwe. Miaka mitano baadaye, katika uamuzi wa Septemba 5, 2022, mahakama hiyo hiyo chini ya Martha Koome ilipewa hati za viapo zilizodai kwamba fomu za vituoni zilibadilishwa baada ya kutoka kwa mawakala. Fomu halisi zikalinganishwa na zile za kwenye tovuti ya tume. Tofauti iliyodaiwa haikuonekana, na hati hizo zikawadhuru walioziwasilisha. Funzo la kesi zote mbili kwa wakala ni lile lile: karatasi ya kituo ndiyo inayosema, kwa hiyo hakikisha unayo na inasomeka.

Upande wa pili wa ugomvi huu uko mwanzoni mwa foleni. Hasa katika chaguzi ndogo, ambako kura chache zinaweza kugeuza matokeo, utasikia habari za wapiga kura "wa kuletwa", yaani wanaodaiwa kutolewa kwingine. Wakala anakaa karibu na karani wa utambulisho, na kila anayeingia asiyemjua anapaza sauti: huyu si wa hapa. Foleni inachemka, polisi anaitwa, akina mama wenye watoto mgongoni wanarudi nyumbani. Naamini wengi wa mawakala hawa hawana nia mbaya. Wameambiwa wazuie wizi, na kwao mgeni ni mwizi.

Lakini siku ya kura si siku ya kuuliza mtu anaishi wapi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Uchaguzi kinampa haki ya kupiga kura mtu ambaye jina lake limo kwenye sajili ya kituo hicho na amekuja na kitambulisho. Hakimtaki ajulikane na wakala. Kama unaamini mtu ameandikishwa isivyo halali, au majina yamehamishwa kutoka eneo bunge jingine bila wenyewe kujua, kuna wakati wa pingamizi: sajili inapofunguliwa ikaguliwe kabla ya uchaguzi. Unapeleka pingamizi kwa afisa wa usajili, anaamua, na asiyeridhika anakata rufaa kwa hakimu. Ni kazi ya miezi, ya kukaa na majina na kuuliza mtaani, na vyama havipendi kuilipia. Sajili ya 2022 ilikuwa na majina 22,120,458. Vyama vingi huikumbuka siku ya kura, saa mbili asubuhi, wakati hakuna tena la kufanya isipokuwa kupiga kelele.

Hapa kuna kundi ninaloliombea subira ya pekee. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016 baada ya kuzaliana hapa kwa vizazi, Wapemba wa Pwani mwaka 2023. Wasomali na Wanubi walipitishwa kwenye kamati za kuwasaili kwa miaka mingi ili tu wapate kitambulisho, mpaka rais alipotangaza kuondoa utaratibu huo Februari 2025. Mtu wa namna hii, akiwa na kitambulisho mkononi na jina kwenye sajili, kisha akasimamishwa mlangoni na kijana wa chama anayemwuliza babu yake alizikwa wapi, anafanyiwa upya jambo ambalo serikali yenyewe imeliacha. Msimamizi wa kituo akiniuliza afanye nini, namwambia amwonye wakala huyo mara moja, na akirudia amtoe.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo jicho la wakala kwenye utambulisho linahitajika sana, na ni pale mtambo unapokataa kidole. Mchimba mawe, mkulima wa miwa, bibi wa miaka themanini: vidole vyao vimelika. Mtambo usipomtambua kwa kidole, anatafutwa kwa namba ya kitambulisho, na Fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala. (Msichanganye na Fomu 32, ambayo ni ya mtu anayemsaidia mpiga kura asiyeona au asiyeweza kuweka alama mwenyewe. Kila msimu watu huzichanganya, na malalamiko mazuri hufa kwa namba isiyo sahihi.) Mwaka 2013 wasio na alama za vidole waliwekwa kwenye daftari maalumu, lile lililoitwa la kijani, watu 36,236, na likageuka mzozo hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2022 mitambo iligoma katika vituo 235, na wapiga kura 86,889 wakapiga kura kwa sajili iliyochapishwa, fomu za 32A zikijazwa.

Wakala wa maana hamfokei bibi mwenye vidole vilivyolika. Anahesabu. Ameona 32A ngapi leo? Jioni, idadi ya waliotambuliwa kwa kidole pamoja na waliojaziwa 32A inalingana na kura zilizotumbukizwa sandukuni? Hilo ni swali linalofaa kwenye safu ya maoni ya 34A, na kama jibu ni hapana, ni swali linaloweza kufungua sanduku.

Kuna jambo katika sheria hii lisilonipa usingizi mzuri. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Desemba 2007, ilikuta kwamba wizi ulistawi katika ngome za pande zote mbili: masanduku kujazwa, watu kupiga kura kwa majina ya wasiokuwepo, na sajili yenye maiti waliokadiriwa kufika milioni moja na laki mbili. Ngome ndipo mahali ambapo wakala wa upande wa pili hatakiwi. Hufukuzwa kwa maneno, wakati mwingine kwa rungu, au huambiwa na wazee wa kijiji alale nyumbani. Sheria inayosema kukosekana kwa wakala hakubatilishi matokeo inatulinda dhidi ya mgomo wa aliyeshindwa, na papo hapo inampunguzia gharama aliyemfukuza. Wakili atajibu kwamba kufukuzwa ni tofauti na kutokuja, na kwamba kukithibitishwa mahakama italizingatia. Ni kweli. Lakini aliyefukuzwa saa moja asubuhi hakuona kitu cha kuthibitisha, na majirani walioona hawatashuhudia. Sina jibu la hili. Tovuti ya 34A ya mwaka 2022 ilisaidia sana, kwa sababu kila Mkenya aliweza kuiona fomu ya kituo chochote, lakini picha ya fomu haikuonyeshi nani alikuwa chumbani ilipojazwa.

Nina shaka pia na hesabu ya kazi yenyewe. Chama kinaruhusiwa wakala mmoja kwa wagombea wake wote katika kituo, na uchaguzi wetu mkuu una masanduku sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wa wadi. Mtu huyo mmoja ameingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kura zimefungwa saa kumi na moja jioni, waliokuwa foleni wakapigishwa, na hesabu ya urais imeanza giza likiingia. Akimaliza sanduku la tatu ni usiku wa manane. Mgombea wa wadi, ambaye ndiye mara nyingi alimtafuta na kumpa nauli, kura zake zinahesabiwa mwisho. Nimewaona wakilala juu ya meza wakati wa sanduku la mwakilishi wa wadi, na siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo waratibu wanaoniomba mafunzo ya 2027 nawaomba nao mambo mawili kabla sijafika. Wawatafute mawakala kutoka kata hiyo hiyo, watu wanaoweza kulala hapo kesho yake bila hofu. Na posho ilipwe kabla ya siku ya kura, pamoja na chakula cha usiku na simu yenye chaji, kwa sababu wakala anayedai pesa zake saa nane usiku yuko nje ya mlango akipiga simu, na fomu inajazwa ndani.