Mwongozo wa Mfumo Ufuate Kazi, Usifuate Menyu

Miongozo mingi ya mifumo ya kompyuta ya manunuzi, ghala na uhasibu hufuata menyu: sura ya kwanza ni menyu ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Mtunza ghala wa Chake Chake aliyeletewa mzigo kutoka bandari ya Mkoani hana haja na menyu. Anataka kujua atapokeaje katoni 18 na oda inasema 20.

Kazi hiyo ipewe ukurasa wake. Juu kabisa andika nani anaruhusiwa kuifanya. Mifumo hii kwa kawaida humwonesha mtu vitufe vya wadhifa wake tu, na asiyekiona kitufe kilichotajwa hudhani mfumo umeharibika. Kisha taja anachotakiwa kuwa nacho mkononi: namba ya oda na hati ya mzigo. Ndipo zifuate hatua, kila moja na kitendo kimoja.

Jina la kitufe libaki kama lilivyo kwenye skrini, hata likiwa la Kiingereza. Maana yake ielezwe kwa Kiswahili. Usiseme "Save" na "Post" vyote ni kuhifadhi. Mara nyingi cha kwanza huweka rasimu, cha pili huingiza hesabu kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, na kosa lililokwisha ingia huko halifutwi, hurekebishwa kwa hati ya kubatilisha.

Sehemu ya makosa ndiyo inayosomwa zaidi, na ndiyo waandishi wanayoifupisha. Kwenye mfano wetu kosa kubwa ni kipimo. Katoni ina vipande 12; mpokeaji anahesabu vipande 216 na kuandika 216, mfumo unasoma katoni 216. Mfumo ukikataa, nafuu. Ukikubali, vitabu vitaonesha mali ambayo ghalani haimo. Kwa hiyo mwongozo useme: tazama kipimo kando ya kisanduku cha idadi, andika 18, oda iache wazi kwa zile 2. Ankara ya katoni 20 ikija, itasimama kwa wahasibu kwa sababu oda, hati ya mapokezi na ankara havilingani. Hapo mfumo haujakosea. Unafanya kazi yake.

Mtandao ukikatika katikati, watu hubonyeza tena na mapokezi yakaingia mara 2. Waambie watafute kwanza kwa namba ya oda kabla ya kurudia.

Saa nazo zina mtego wake. Skrini ikionesha 08:00, andika "saa 2 asubuhi", maana wapo watakaosoma saa nane mchana.

Picha za skrini zipigwe kwenye mfumo wa majaribio, zisitoke na majina wala namba za vitambulisho vya watu. Ukimaliza, mpe mtunza ghala asiyewahi kuutumia mfumo, ukae kimya. Kila anaposita, weka alama kwenye sentensi hiyo, si kwake. Watu 3 hadi 5 wataibua mengi. Jalada libebe namba ya toleo la mfumo, ili kitufe kikihamishwa ijulikane ni kurasa zipi za kuandika upya.