Kabla ya Kumfuga Chatu Nyumbani: Kibali, Wajibu na Adhabu

Mvua zinapokolea na vinamasi vya kando ya Ziwa Victoria kufurika, ofisi yetu hapa Uganda inayoshughulikia vibali vya wanyamapori huanza kupokea watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayetaka chatu aliyeingia bandani kwake aondolewe leo hii. Wa pili, ambaye ndiye ninayemwandikia makala haya, amemkuta chatu mdogo shambani au ameuziwa ndani ya gunia, amekaa naye wiki mbili tatu, na sasa anauliza ni karatasi gani atie sahihi ili aendelee kumfuga. Wengi wa hawa ni vijana wenye nia njema wanaompenda mnyama kwa dhati, na mara nyingi wamejifunza kumshika kutoka katika video za wafugaji wa Marekani na Ulaya. Nia hiyo naiheshimu. Tatizo ni kwamba wameanza mwishoni, kwa sababu kibali hutangulia mnyama, na mtu aliyekwisha kumweka nyoka huyo nyumbani bila kibali anapokuja kuuliza utaratibu huwa tayari yumo ndani ya kosa.

Chatu anayepatikana sehemu nyingi za Uganda, ambaye Waganda humwita ttimba, ndiye nyoka mkubwa kuliko wote barani Afrika. Kwa kawaida mkubwa wake hufikia mita 3 hadi 5, na wachache huzidi hapo. Uzito wake unaweza kupita kilo 50. Yuko pia chatu mdogo wa upande wa West Nile, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati, naye mara chache huzidi mita moja na nusu. Watu huniambia kwamba huyu wa pili hahitaji kibali kwa kuwa ni mpole. Sheria haipimi upole wa mnyama. Chatu wote wawili wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, na wote ni wanyamapori kwa maana ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.

Hoja ninayoisikia kuliko nyingine zote ni hii: "Afande, nimemkuta katika shamba langu, basi ni wangu." Hapana. Mwenye shamba anamiliki ardhi na mihogo yake. Mnyamapori aliye katika mazingira yake ya asili ni mali ya Serikali, inayomshikilia kwa niaba ya wananchi wote na kwa faida yao, na umiliki huo hauhami kwa sababu tu mnyama amevuka uzio wa mtu au amenaswa kwenye wavu wa kuku. Vilevile barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambayo waombaji wengi huileta ikiwa na mhuri mzuri, inathibitisha kwamba mwombaji anaishi kijijini hapo na anafahamika. Haimpi ruhusa ya kumweka mnyamapori, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe hana mamlaka hayo. Jambo hili nimelieleza mara nyingi mno, na bado barua zinaendelea kuja.

Utaratibu wenyewe ni kama ifuatavyo. Anayetaka kutumia mnyamapori kwa njia yoyote anapaswa kuomba kile ambacho sheria inakiita haki ya kutumia wanyamapori, na haki hiyo imegawanywa katika madaraja, miongoni mwake uwindaji, ufugaji wa kuzalisha, ranchi, biashara, pamoja na matumizi ya elimu na sayansi. Maombi hupelekwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda yakieleza daraja linaloombwa, aina na idadi ya wanyama, mahali watakapowekwa, chanzo chao halali na ujuzi wa mwombaji. Mahali hapo hukaguliwa. Haki ikitolewa huwa na masharti; mwenye nayo hawezi kumpa au kumuuzia mwingine kwa hiari yake, na masharti yakivunjwa inaweza kufutwa. Msomaji makini ameona tayari kwamba mtu anayetaka chatu akae sebuleni kwa sababu tu anampenda hupata shida kujiweka katika daraja lolote kati ya hayo niliyoyataja. Shule, kituo cha elimu ya uhifadhi au mtafiti ana mahali pa kuanzia. Kijana wa chumba kimoja Kisenyi hana, na ni heri alisikie hilo kabla ya kutumia fedha zake.

Anayefikiria kumleta chatu kutoka nje ya nchi aelewe kwamba njia hiyo ni ndefu zaidi. Nyoka wa Kiambatisho cha Pili havuki mpaka bila kibali cha nchi anakotoka. Upande wetu, mambo ya CITES yako chini ya wizara inayohusika na utalii na wanyamapori, na afya ya wanyama iko chini ya wizara ya kilimo na mifugo. Karatasi ya duka alikonunuliwa haichukui nafasi ya yoyote kati ya hizo, na dereva wa lori aliyekubali kumpakia kwenye boksi la viatu hawezi kumlinda mwenye mzigo pale mpakani.

Kuhusu adhabu, uvumi ni mwingi pande zote mbili, wapo wasemao ni faini ndogo tu na wapo wasemao ni kifungo cha maisha kwa kila kosa. Adhabu ya juu kabisa katika Sheria ya mwaka 2019 ni kifungo cha maisha, au faini ya pointi 1,000,000 za sarafu, au vyote viwili. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo jumla yake ni shilingi bilioni 20. Kiwango hicho kimekusudiwa makosa yanayohusu viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka, na makosa mengine yana viwango vya chini yake. Mwezi Oktoba mwaka 2022 mahakama maalumu ya Kampala inayosikiliza kesi za viwango, huduma na wanyamapori ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha maisha kwa kukutwa na meno ya tembo. Sisemi kwamba mwenye chatu bandani atahukumiwa vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba mahakama ipo, inafanya kazi, na kumiliki mnyama anayelindwa bila idhini ni kosa la jinai hata kama mnyama amelishwa vizuri na kupewa jina.

Sasa tumchukue mwombaji ambaye daraja lake linafaa na karatasi zake ziko sawa. Swali linalobaki ni kama anaweza kubeba mzigo huo, na hapa naomba asome polepole. Chatu wa aina ile kubwa akitotolewa ana urefu wa nusu mita hivi na hujiviringisha kwenye kiganja. Ndani ya miaka michache anayo mita mbili hadi tatu, na wengine waliotunzwa vizuri wameishi zaidi ya miaka 25. Kijana anayemchukua akiwa chuoni atakuwa naye siku ya harusi yake, siku ya kuzaliwa kwa watoto wake, na siku ya kupeleka kifungua mimba wake sekondari. Kuna imani kwamba chatu hukua kulingana na ukubwa wa kizimba, kwa hiyo ukimweka padogo atabaki mdogo. Si kweli, chatu aliyebanwa huendelea kukua, huku ngozi yake ikioza kwa unyevu na misuli ikilegea kwa kukosa nafasi ya kujinyoosha, na nimewaona wakiletwa katika hali hiyo, jambo linaloumiza moyo kwa sababu aliyewaleta hakukusudia ubaya.

Tena watu husema hana sumu. Ni kweli, hana. Anachofanya ni kuuma kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma ili kisichokamatwa kisichomoke, kisha anazungusha mwili na kukaza, na utafiti uliofanywa kwa nyoka jamaa zake umeonyesha kwamba mbano huo husimamisha mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo asidhani mtu kwamba atapata muda wa kuvuta pumzi na kufikiri. Ajali nyingi hutokea wakati wa kulisha. Mtu ameshika kuku, mikono inanuka kuku, anafungua kizimba. Nyoka anafuata harufu na joto, na mkono ni chakula kama chakula kingine. Wafugaji wenye uzoefu hushikilia kanuni kwamba chatu akishapita mita mbili na nusu hivi asishikwe na mtu mmoja peke yake, na asilishwe mwenzako akiwa safarini.

Aina kubwa hii hii ya kwetu ndiyo iliyowaua watoto wawili wa kiume, wa miaka 4 na 6, katika mji wa Campbellton nchini Kanada mwezi Agosti mwaka 2013, baada ya kutoroka kizimbani usiku katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Mwaka 2017 mfugaji mzoefu huko Hampshire, Uingereza, alikufa, na uchunguzi ukaeleza kwamba chatu wake wa mita 2.4 alihusika. Alikuwa naye tangu akiwa mdogo. Kwa hiyo ninapoambiwa, "Huyu ananijua, Afande," najibu kwamba chatu huzoea kushikwa, na kuzoea kushikwa si sawa na kumtambua mtu na kumwonea huruma.

Yako pia magonjwa. Nyoka na reptilia wengine hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili, na watoto walio chini ya miaka mitano hawapaswi kabisa kuwagusa wala kuishi karibu na kizimba chao. Anayedhani atakwenda kumkamata chatu wake mwenyewe mapangoni akumbuke msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako chatu huishi pangoni pamoja na maelfu ya popo. Watalii wawili waliotembelea pango hilo mwaka 2007 na 2008 waliambukizwa virusi vya Marburg vinavyobebwa na popo hao, na mmoja wao, raia wa Uholanzi, alifariki.

Kuhusu imani kwamba kuna chatu anayemtapikia tajiri fedha usiku, sitasema mengi. Chatu hutapika akisumbuliwa baada ya kula, na anachotapika ni panya au kuku aliyemla. Imani hiyo imesababisha wanyama kukamatwa na kuuzwa kwa siri kwa watu waliokata tamaa, na anayefaidika ni muuzaji peke yake.

Wengine hujipa moyo kwamba wakichoka watamwachia kinamasini. Huko Florida, Marekani, chatu wa Asia walioachiliwa au kutoroka kwa wafugaji wameenea katika kinamasi cha Everglades na kuwamaliza wanyama wadogo wa asili, na hata chatu wa Afrika aliwahi kupatikana akizaana karibu na Miami, hata serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku uingizaji wake mwaka 2012. Hapa chatu ni mwenyeji, lakini aliyezoea kulishwa kuku na mikono ya watu atarudi kwenye mabanda ya watu, na anaweza kuwapelekea wenzake porini magonjwa aliyoyapata kizimbani. Kumwachia ni kazi ya wataalamu, baada ya daktari wa wanyama kumpima.

Kwa yule ambaye tayari anaye, ushauri wangu ni kuitaarifu ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, au kituo cha polisi ikiwa ofisi iko mbali, kabla jirani hajafanya hivyo. Eleza alipatikana wapi, lini, amekula nini, na kama amewahi kumuuma mtu. Usimpakie kwenye bodaboda kumleta, kwa kuwa kusafirisha mnyamapori bila idhini ni kosa jingine na gunia lililofungwa juani linamuua haraka. Mwache kizimbani penye kivuli na maji, usimlishe siku hiyo, uwaweke watoto mbali, na usubiri maofisa wafike. Wakifika, waombe hati ya makabidhiano yenye tarehe na sahihi, uitunze.