Mtoto amegoma chupa na kazi inaanza Jumatatu: maswali na majibu

Likizo ya uzazi ikikaribia kuisha, akina mama huja kliniki na shida ileile: mtoto ana afya njema, ananyonya vizuri, lakini chupa hajawahi kuionja na wiki ijayo anaanza kushinda kituo cha kulelea watoto. Hiyo ni shida ya kawaida na ina dawa. Kinachonitia hofu mimi kama muuguzi ni ushauri ambao mama huwa ameshapewa kabla hajatufikia. Ndiyo maana kuna swali moja hapa nimelijibu zaidi ya mara moja, na nimefanya hivyo kwa makusudi.

Nianze lini kumzoesha?

Wiki 3 au 4 kabla ya siku ya kwanza kituoni. Kama bado ni mchanga sana, mwache kwanza ashike ziwa sawasawa na maziwa yako yatulie. Kwa wengi hiyo huchukua kama wiki 4 tangu kujifungua. Kisha mpe mililita 15 hadi 30 za maziwa uliyokamua, mara moja kwa siku, wakati ametulia na njaa haijamshika. Akiitafuna chuchu ya chupa au akaisukuma kwa ulimi, usigombane naye. Mjaribu tena kesho. Wanaoanza Jumamosi kwa ajili ya Jumatatu ndio wanaoishia kutumia nguvu.

Nimeambiwa nimnyime ziwa siku nzima, njaa ikimzidi atakubali chupa. Ni kweli?

Hapana. Usifanye hivyo.

Mtoto mwenye njaa kali hajifunzi kitu kipya. Atalia, atajinyonga mwili, na mwisho atachoka na kulala. Hapo watu wa nyumbani huambiana kwamba ametulia, kumbe ameishiwa nguvu. Mwili wake mdogo hukaukiwa na maji haraka kuliko wa mtu mzima.

Tuliwahi kuletewa jioni mtoto wa miezi 4. Tangu alfajiri nyumba nzima ilikuwa imekubaliana asipewe ziwa. Nilipomfungua nepi niliikuta kavu, na ni ileile aliyofungwa asubuhi. Midomo ilikuwa imekauka, utosi umebonyea. Mama yake alikuwa amesimama pembeni, maziwa yamemjaa hadi yamelowesha blauzi. Mtoto alipona, lakini alilala wodini, kwa jambo ambalo lingezuilika kwa kufungua vifungo viwili vya blauzi ile.

Sasa akikataa nifanyeje?

Kwanza, chupa asiipewe na wewe. Mtoto anakunusa, haoni sababu ya kukubali mpira wakati ziwa liko sentimita chache mbali naye. Mpe baba, bibi, au yeyote atakayemlea, nawe utoke chumbani kabisa.

Pili, angalieni anavyoshikwa. Akae karibu wima mapajani, kichwa kimeegemea mkono wa anayemlisha. Chupa iwe imelala, isiinuliwe kitako juu. Mguse mdomo kwa chuchu, kisha subiri afungue mwenyewe na kuivuta ndani, msiisukume. Akishameza mafunda kadhaa, shusha chupa apumue, halafu endelea. Chuchu iwe ya tundu dogo, inayotoa maziwa polepole, na mlo mmoja uchukue dakika 10 hadi 20. Akiimaliza chupa kwa dakika 3 mnashangilia bure: amezidiwa na kasi ya maziwa, na baadaye ataliona ziwa ni kazi ngumu.

Tatu, onja maziwa yako. Ndiyo, yaonje. Kuna akina mama ambao maziwa yao yakikaa kwenye friji au friza hupata harufu na ladha kama ya sabuni, kwa sababu ya kimeng'enya kinachovunjavunja mafuta. Hayajaharibika, lakini baadhi ya watoto huyakataa, na watu wanazidi kubadilisha chupa wakati tatizo liko ndani yake. Mjaribu kwa yaliyokamuliwa muda huohuo. Akiyanywa, umepata jibu: siku nyingine pasha maziwa mara tu baada ya kukamua hadi vipovu vidogo vianze kuonekana pembeni, yasichemke, yapoze haraka kisha yahifadhi.

Anaweza kuzibwa pua ili afungue mdomo? Au alazwe chali amiminiwe?

Hapana kwa yote mawili. Atapaliwa, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Vilevile chupa isiegemezwe kwenye mto mtoto akaachwa peke yake.

Na akiikataa chupa kabisa?

Si lazima chupa. Hata mtoto mchanga hunywa kwa kikombe kidogo kilicho wazi: akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni ayalambe au ayanywe mwenyewe. Usimmiminie. Aliyefikisha miezi 6 hukizoea kikombe upesi sana. Nashangaa jinsi familia zinavyohangaika na chupa ya tano huku kikombe kimekaa kabatini.

Niache maziwa kiasi gani, na yanakaa muda gani?

Kati ya mwezi 1 na miezi 6, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 kwa saa 24. Kwa hiyo ukiwa mbali saa 8, mililita 250 hadi 350 kwa kawaida zinatosha, zikigawanywa mlo wa 90 hadi 120. Yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Aliyobakiza kwenye chupa yamwagwe saa 2 zikipita. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto kiasi. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza mdomo.

Usiongeze maji ili yatoshe. Maji yakizidi hushusha chumvi ya mwilini na yanaweza kumletea degedege. Uji nao hauingii kwenye chupa.

Jana kituoni alikunywa kidogo sana. Nisubiri siku ngapi?

Inategemea. Watoto wengi wiki za kwanza hunywa kidogo mchana na kufidia usiku kwa kunyonya mara kwa mara. Kama usiku ananyonya kweli, amechangamka, na nepi zinalowa vizuri mara 6 au zaidi kwa saa 24, mvumilie.

Lakini kama saa 6 hadi 8 zimepita nepi ni kavu, mdomo umekauka, utosi umebonyea, au amelegea na kuamka kwake ni kwa shida, mpe ziwa sasa hivi na umpeleke hospitali sasa hivi. Usisubiri asubuhi. Usisubiri "azoee". Anayekataa chupa pamoja na ziwa huyo ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo, na wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hangoji chochote.

Kwa hiyo hata nusu siku tu ya kumshindisha na njaa haifai?

Haifai. Ukiwa naye, mnyonyeshe. Kumnyima ziwa jioni hakumfundishi kunywa chupa kesho yake. Nawe kamua kila baada ya saa 3 hivi ukiwa kazini, vinginevyo titi litavimba na maziwa yatapungua.

Nimwambie nini mlezi wa kituoni?

Mwonyeshe kwa mikono yako unavyotaka ashikwe na chupa ilivyolala. Mwombe aandike kwenye karatasi kila saa aliyokunywa, mililita ngapi, na kila nepi iliyolowa. Mkubaliane kwamba ikifika mchana nepi bado ni kavu, anakupigia simu hapohapo, hata kama mtoto amelala kimya.