Je, wajua? MRI ya mtoto mmoja haiwezi kuonyesha tiki zake, ndiyo maana nchi kibao zinachanga vipimo vya picha za ubongo

Hapa Tanga ukiwaelezea watu habari ya mtoto anayekonyeza macho kila saa, mara anarusha shingo, mara anaguna kooni, majibu huwa ni yale yale. Bibi atasema kuna jini linamchezea, apelekwe akasomewe. Mwalimu atasema ana dharau. Jirani atasema anaiga, mkiacha kumwangalia ataacha. Halafu yupo yule msomi wa barazani, awe wa Chumbageni au Ngamiani, atakayesema nyie mnapoteza muda tu, mpelekeni akapigwe MRI ya kichwa, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, picha itaonyesha tatizo liko wapi na habari itaishia hapo.

Hilo la mwisho ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu linaonekana la kisayansi kuliko yote na kumbe nalo si sahihi.

Kwanza tiki ni nini. Ni mijongeo au sauti za ghafla zinazojirudia rudia, mtu hazipangi, ingawa wengi wanaweza kuzizuia kwa muda mfupi. Wengi wanahisi msukumo fulani mwilini kabla, na tiki ikishatoka ule msukumo unapungua. Mtu akiwa na tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na zilianza kabla hajafika miaka 18, hiyo inaitwa Tourette, jina la daktari Georges Gilles de la Tourette wa Paris aliyeandika habari za wagonjwa 9 mwaka 1885. Kwenye muvi utaona mwenye Tourette anatukana ovyo, ila uhalisia ni kwamba wanaotoa matusi bila kutaka ni kama 10 hadi 15 tu kwa kila 100. Wengi ni kukonyeza, kukunja uso, kurusha bega, kukohoa koha, basi.

Sasa turudi kwenye picha. Ukimpiga MRI mtoto mwenye tiki, mara nyingi sana picha inarudi ya kawaida kabisa. Daktari anaweza kuiagiza akiona dalili nyingine zinazomtia shaka, ili ahakikishe siyo ugonjwa mwingine, lakini tiki zenyewe anazitambua kwa kuangalia na kuuliza: zilianza lini, zinabadilikaje, mtoto anahisi nini kabla. Na hapa watu ndipo wanachanganyikiwa, maana wanasikia huko nje wanasayansi wanatafiti tiki kwa MRI, wanatoa ripoti kwamba sehemu fulani ya ubongo ni ndogo kidogo kwa watu wenye Tourette, wanajiuliza sasa kama wao wanaiona kwa nini kwa mtoto wetu isionekane.

Jibu liko kwenye lile neno "kidogo". Chukua machungwa ya Muheza. Tuseme kuna mashamba mawili, na wewe unahisi machungwa ya shamba la juu ni mazito kuliko ya shamba la bonde, lakini kwa kidogo mno, gramu mbili tatu kwa wastani. Ukipima chungwa moja kutoka kila shamba hutajua kitu, kwa sababu ndani ya shamba lile lile, tena juu ya mti ule ule, kuna makubwa na kuna madogo, na tofauti hiyo inazidi mbali zile gramu mbili tatu unazozitafuta. Ukipima kumi kwa kumi unaweza kupata jibu, ila ni jibu la bahati, kesho mwenzako atapima kumi mengine apate kinyume chake na nyote wawili mtakuwa mmepima vizuri. Ukipima elfu kwa elfu ndipo makubwa na madogo yanafutana na ile tofauti ndogo inabaki imesimama peke yake. Na sasa angalia jambo hili, maana ndilo kiini cha yote: hata baada ya kujua kwa uhakika kwamba shamba la juu lina machungwa mazito zaidi, mtu akikupa chungwa moja sokoni bado huwezi kumwambia limetoka shamba gani.

Ubongo ndivyo ulivyo. Hata watu wasio na ugonjwa wowote wanatofautiana sana maumbo ya ubongo, na tofauti ya Tourette ni ndogo ndani ya hizo tofauti za kawaida. Inaonekana kwenye kundi, haionekani kwa Juma au Mwanaidi.

Kuna jambo la pili, mizani. Kama wapimaji wako masoko tofauti na mizani ya huyu inazidisha kidogo na ya yule inapunguza, halafu machungwa ya juu yote yamepimwa kwa huyu na ya bondeni yote kwa yule, utaona tofauti ya mizani ukadhani ni tofauti ya mashamba. Mashine za MRI nazo hazifanani, kampuni tofauti, nguvu za sumaku tofauti, mipangilio tofauti, kwa hiyo kila kituo inabidi kipime wenye tiki na wasio na tiki kwa mashine ile ile, na vituo vyote vichakate picha kwa utaratibu mmoja.

Kwa miaka mingi tafiti zilikuwa ndogo ndogo, watu 20 huku, 30 kule, na majibu yakawa yanapingana. Macho ya wengi yalikuwa kwenye njia inayozunguka ndani ya ubongo, inatoka gamba la juu, inashuka kwenye viini vya ndani vinavyoitwa kaudati na putameni, inapita thalamasi, inarudi juu. Njia hii inasaidia kuchagua mjongeo upi upite na upi uzuiwe, na dawa zinazopunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongo, humo ndani zinapunguza tiki kwa wengi, hivyo kuishuku kuna msingi. Utafiti wa Marekani wa 2003 uliokuwa na watu 154 wenye Tourette uliona kaudati ndogo kidogo. Mwingine wa 2017 wenye watoto 103 wa Tourette na 103 wasio nayo, picha zikitoka vituo vinne, matokeo yake makubwa yalikuwa kwingine: sehemu ya kijivu ya ubongo, yenye seli nyingi, ilizidi upande wa nyuma wa thalamasi, na sehemu nyeupe, yaani nyaya za kuunganisha, ilipungua mbele, juu ya macho. Mimi sisemi mmoja kakosea, kundi la watu mia moja na ushee bado ni dogo kwa tofauti za aina hii.

Halafu kuna ugumu ambao kwangu ndio unaoshangaza kuliko wote. MRI inataka utulie kabisa, na ugonjwa unaochunguzwa ni wa kutotulia. Kichwa kikitikisika hata kidogo picha inaharibika, na mbaya zaidi mtikisiko unaweza kufanya gamba la ubongo lionekane jembamba kuliko lilivyo. Kwa hiyo ukilinganisha watoto wenye tiki na wasio nazo bila kuangalia hilo, unaweza kutangaza tofauti ya ubongo kumbe umepima mtikisiko tu. Ukiwatoa wote waliotikisika, unabaki na wenye tiki nyepesi, nao hawawakilishi wagonjwa wote. Ndiyo maana vituo vinahitaji kuanza na watoto wengi kuliko watakaobaki mwishoni.

Hapo ndipo ENIGMA, muungano wa watafiti wa nchi nyingi, unapoingia. Ulianza 2009, mmoja wa waasisi wake ni Paul Thompson wa California, na una makundi mengi kila moja na ugonjwa wake. La Tourette linaongozwa na Peristera Paschou wa Chuo Kikuu cha Purdue. Mara nyingi picha zenyewe hazihitaji kusafiri: kila kituo kinachakata za kwake kwa maelekezo yale yale, kinatuma namba za majumlisho, wanaziunganisha. Siri za wagonjwa zinabaki kwao na ushahidi unakuwa wa wote.

Kwenye vinasaba habari ni hiyo hiyo. Tourette inarithika kwa kiasi kikubwa, utafiti wa mapacha wa 1985 ulikuta kwa mapacha wa kufanana wote wawili walikuwa nayo kwa asilimia 53, wasiofanana asilimia 8. Basi watu wakatafuta jeni, yaani kinasaba kimoja, cha Tourette. Mwaka 2005 likatangazwa SLITRK1, mwaka 2010 likaja HDC, linalohusika na kutengeneza histamini, kemikali ya mwilini, kutoka familia moja ambayo baba na watoto wake wote 8 walikuwa na tiki. Ugunduzi wa kweli, lakini kwingine wagonjwa wenye hitilafu hizo ni wa kutafuta kwa tochi. Wakahamia kupekua DNA nzima: 2013 wagonjwa 1,285, hakuna kilichovuka kiwango cha uhakika. 2019 wagonjwa 4,819 na wasio wagonjwa 9,488, sehemu moja tu ikavuka, kwenye jeni FLT3, na ilipopimwa kwa watu wa Iceland haikujirudia. Ila walipojumlisha vinasaba vingi vidogo vidogo kwa pamoja, hiyo jumla ikajirudia kule kule Iceland. Maana yake ni mamia ya vitu vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo. Sambamba na hao kuna TIC Genetics, kundi jingine la watafiti, wanaochukua DNA ya baba, mama na mtoto ili kuona mabadiliko mapya ambayo mtoto hakurithi, na kwa familia zaidi ya 800 jeni CELSR3 likajitokeza kwa nguvu.

Mwaka huo huo wa 2019 timu iliyokuwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town iliunganisha pande zote mbili, picha na vinasaba, ikakuta vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa Tourette vinaelekea kuhusiana na vile vinavyogusa ukubwa wa putameni na kaudati. Ushahidi bado mwembamba, lakini ni mara chache picha na DNA zinaelekeza sehemu moja.

Kinachoniuma ni kwamba wale 4,819 ni watu wenye asili ya Ulaya. DNA za Waafrika zina tofauti nyingi kuliko za bara lolote, na hesabu zilizotengenezwa kwa Wazungu hazifanyi kazi vizuri zikiletwa kwetu. Siyo kwamba haiwezekani, maana mkoa huu huu damu za watoto wenye malaria kali kutoka hospitali ya Teule, Muheza, ziliingia kwenye tafiti za vinasaba za MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa malaria, pamoja na za nchi nyingine za Afrika, Asia na Oceania. Kwa tiki sampuli ni rahisi kuliko hiyo, mate ya baba, mama na mtoto yanatosha. Kinachotangulia ni mtu wa kuitambua tiki kliniki na shuleni, anayejua kwamba kwa kawaida zinaanza miaka 5 hadi 7, zinakuwa kali miaka 10 hadi 12, zinapungua kwa wengi ukubwani, na kwamba mbele ya daktari mara nyingi zinajificha, kwa hiyo mama akija na video ya simu aliyomrekodi mtoto nyumbani, video ile ina thamani kuliko ile MRI.