Filta ya samaki si chujio la chai

Jumapili asubuhi mwenye tangi la samaki anachomoa sponji ya filta, anaipeleka bombani, anaikamua na kuikamua mpaka inarudi rangi yake ya dukani. Kufika Jumatano samaki wako juu kabisa, midomo nje, wanatweta. Atamlaumu muuza samaki, kisha chakula. Sponji haimjii akilini kabisa, maana hiyo aliiosha mwenyewe ikatakata.

Basi dhana ya kwanza ni hiyo, kwamba filta yenye uchafu ni filta mbovu. Ule utelezi wa kahawia uliokuwa ndani ya sponji ndio uliokuwa ukifanya kazi. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi ikipitia kwenye mashavu yake. Bakteria waliojishika kwenye utelezi huo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Sasa, maji ya bomba yametiwa klorini ili iue bakteria, na klorini haibagui walio wako na wasio wako.

Siku ya kubadilisha maji, chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, ukamue sponji humo mara mbili tatu. Ndoo itakuwa kama kahawa. Sponji ikibaki ya kahawia lakini inapitisha maji vizuri, irudishe. Na yale maelekezo ya kwenye boksi, kwamba kila mwezi utupe vya ndani vyote ununue vipya, mimi naona yanamfaa zaidi anayeuza. Sponji nzuri hukaa miaka. Ikianza kumeguka, badilisha nusu. Nusu ya pili isubiri mwezi mzima.

“Maji yanang’aa, kwa hiyo ni salama.” Amonia haina rangi. Tangi jipya la wiki ya pili linaweza kung’aa kama glasi huku samaki wanaungua mashavu. Nunua dawa ya matone ya kupimia: amonia sifuri, nitriti sifuri. Jicho halipimi.

Kuhusu mpangilio, watu hubishana kipi kikae juu na kipi chini. Swali lenyewe ni maji yanaingilia wapi. Filta nyingi za mkebe wa kufungwa huyapandisha maji kutoka chini, zile za boksi la juu ya tangi huyamwaga kutoka juu, kwa hiyo mpangilio ulioukuta kwa jirani unaweza kuwa umepinduka kwako. Maji yakutane kwanza na sponji ya matundu makubwa, kisha ya matundu madogo, ndipo yafike kwenye pete za seramiki. Pamba nyeupe, ukiitaka, iwe ya mwisho. Ukiitanguliza, baada ya siku chache itakuwa imeziba, na maji yatatafuta kijia cha pembeni bila kugusa kitu. Usishindilie pia. Filta iliyojazwa kama gunia la mkaa inapitisha maji kidogo kuliko iliyoachiwa nafasi.

Pete za seramiki nazo si lazima. Bakteria wanataka mahali pa kujishika na maji yenye oksijeni yakipita, bei hawaijui. Visuguli vya plastiki vya kuoshea sufuria, vipya na visivyo na sabuni, vinafanya kazi hiyo vizuri. Vya chuma vinaota kutu. Dodoki la kuogea, ambalo kuna aliyewahi kuniapia kuwa ni bora kwa vile ni la asili, linaoza.

Mkaa wa filta umepewa sifa zisizo zake. Unanyonya rangi, harufu na mabaki ya dawa, lakini amonia hauigusi kwa maana yoyote. Baada ya wiki chache umeshiba. Ukiwatibu samaki utoe, la sivyo mkaa utameza dawa uliyoinunua. Mkaa wa jikoni si mbadala: haukutengenezwa kwa kunyonya hivyo, na majivu yake huvuruga maji. Anayenyonya amonia ni zeolaiti, aina ya jiwe la madini, ila katika maji yasiyo na chumvi tu. Tia chumvi ya kutibu ugonjwa wa vidoa vyeupe wakati zeolaiti imo, nayo itaiachia ile amonia irudi majini.

Kisha kuna vipande vya matumbawe, ambavyo watu wa pwani huviona kama mapambo ya bure. Ni chokaa. Huyeyuka polepole na kupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji: ikipanda, uasidi umepungua. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako pH iko karibu na 9, watakushukuru. Neoni, wale samaki wadogo wa Amazon, hapana. Na kuna jambo zito zaidi: kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Ikiwa 8 inafika kama asilimia 5. Amonia ni ileile, jiwe ndilo lililoinoa.

Wanaozima filta usiku ili kubana LUKU wapige hesabu: pampu ya wati 5 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 3.6. Bakteria wanapumua, na ndani ya mkebe uliofungwa oksijeni huisha baada ya saa chache. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, toa sponji uiache ielee ndani ya tangi, na usuuze mkebe kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena.

Kwa tangi jipya, chupa ya maji ya zamani kutoka kwa rafiki haisaidii sana, kwani bakteria wachache ndio huelea. Ukiwaachia waje wenyewe, tangi huchukua wiki 4 hadi 6 kuwa tayari. Muombe kipande cha sponji iliyotumika, kutoka tangi lisilo na ugonjwa. Kibebe kwenye mfuko chenye unyevu, kisikauke njiani, ukitie kwenye filta siku hiyohiyo.